Goshi: Miaka Yangu ya Viatu vya Nyonya

Macho yangu yameniaga kwa heshima. Mwezi uliopita nilijaribu kutunga uzi kwenye sindano mara kumi na moja, mara ya kumi na mbili nikajichoma kidole na kutamka neno ambalo watawa hawakustahili kulisikia. Mkubwa wa atelye, karakana yetu ya kushonea viatu, akanitazama, akasema, "Maman Vumilia, sasa pumzika." Nimepumzika wiki tatu na nimeshachoka kupumzika. Ndiyo maana ninawaandikia ninyi, mabinti wa atelye, mliokuwa mnaniuliza mambo ya zamani kila mvua ilipotia giza dirishani na kazi ikasimama. Kuhusu vyeo sitawachosha. Nilianza kwenye kigoda, nikamalizia kwenye kiti chenye mto, na huko ndiko kupanda kwangu kote.

Mnisamehe pia Kiswahili changu. Masera, mtawa aliyetufunza kazi, alinifundisha kuandika kile cha kitabu cha misa, lakini mdomo wangu ni wa Nyawera, hapa Bukavu, na watu watakaosema humu ndani nitawaacha waseme walivyosema.

Mama yangu alikuwa anauza sambaza, vidagaa vya ziwani, pale sokoni Nyawera, na mimi nilikuwa ninanuka sambaza. Siku ya kwanza atelye nilijipaka vaselini mikono yote miwili ili kuficha ile harufu, kwa hiyo sindano zikaniteleza zote, na ndivyo Masera alivyonijua. Tulimwita Masera kama tulivyowaita watawa wote, ila jina lake lilikuwa Rozalia. Alitoka Malaka, mji wa mbali huko Asia, na bibi yake alikuwa mmoja wa wanawake wa huko wanaoitwa Nyonya, ambao tangu zamani hushona viatu kwa shanga. Alitupanga wasichana sita mbele yake, akakunja mikono, akatangaza kwa Kiswahili alichojifunza miezi minne:

"Hapa mutajifunza kutengeneza viatu vya nyonya."

Halafu msichana aliyekaa kando yangu, mrefu, mwenye mwanya kwenye meno ya mbele, akanyanyua kidole kwa adabu zote.

"Masera, viatu iko nanyonya nini?"

Nilianguka kutoka kwenye kigoda. Sisemi kwa mzaha, nilianguka kweli na kigoda kikanifuata. Masera akauliza tunacheka nini, na nani kati yetu angethubutu kumweleza mtawa habari za kunyonya? Mwishowe Papa Déo, fundi wetu wa ngozi na mwanamume pekee mle ndani, akajitolea kueleza kwa ishara za mikono, akaharibu zaidi. Masera akawa mwekundu mpaka masikioni, kisha akacheka kuliko sisi sote. Jina likabaki. Miaka yote niliyofanya kazi, wateja waliniuliza kama viatu hivi ni vya wazazi waliojifungua, na kuna waliotoka navyo wakiamini hivyo, kwa sababu mteja mwenye furaha haombi kurekebishwa.

Msichana mwenye mwanya alikuwa Nsimire. Wakati wa kutoka aliniambia, "Wewe unaanguka muzuri. Kesho kaa tena karibu yangu." Nikakaa.

Kazi mnaijua, lakini niiseme kama tulivyoipokea. Kitambaa kigumu kinavutwa kwenye fremu ya mbao, na fremu hiyo tuliiita kitanda, kwa maana kitambaa kilikuwa kinalala pale wiki nyingi kama mgonjwa asiyetaka kupona. Shanga ni ndogo kama ulezi na kila moja imekatwa ubavu mmoja ili ing'ae. Zinamwagwa kwenye sahani nyeupe, zinaokotwa kwa ncha ya sindano, moja moja. Ukishashona shanga, isukume kwa ukucha, ikitikisika, fumua. Usilambe uzi kama umekula sambaza, panya watakuja kumalizia kiatu. Na kazi nzuri fanya asubuhi, wakati mwanga wa ziwa bado ni mpole. Vipande viwili vya mbele vikiisha, Papa Déo anavigandisha kwenye ngozi, anatia soli na kisigino kifupi, halafu anaviweka dirishani na kusimama mlangoni akijifanya ndiye aliyevishona.

Jambo ambalo ninyi wa leo mmeliacha, na sitawalaumu kwa vile mko wachache, ni kushona wawili wawili. Masera alikuwa na msimamo mmoja: mtu akishona miguu yote miwili peke yake, wa pili atauchoka, na uchovu utaonekana. Kwa hiyo kila kitanda kilikuwa na wanawake wawili. Mwenzao wa tatu alisoma karatasi ya miraba kwa sauti, kwa Kifaransa cha shule: "Rouge trois, vert deux, blanc un," yaani nyekundu tatu, kijani mbili, nyeupe moja. Mmoja alianza mstari kutoka kushoto, mwingine kutoka kulia, ili maua ya viatu yatazamane. Mimi nilipewa mguu wa kushoto, gauche, nikawa Goshi. Nsimire akapewa wa kuume, droite, akawa Duruwati. Baada ya mwaka mmoja hata mama yake mzazi alikuwa ananiita Goshi, na kuna mwanamume aliyetaka kunichumbia akaenda kwa baba yangu kuuliza habari za binti yake Goshi. Baba akamwambia hana mtoto wa jina hilo. Basi, huyo alipotea.

Na Goshi hakugusa kazi ya Duruwati. Hiyo ilikuwa sheria. Nsimire aliposhikwa na malaria wiki mbili, mguu wangu ulikuwa umeisha, wake uko nusu, na mteja anapiga kelele mlangoni. Nilikaa nikachambua maharagwe ya jikoni kwa watawa mpaka aliporudi. Aliporudi alikagua mistari yake yote kwanza, kuona kama nimeigusa.

Kulikuwa na vita vidogo vidogo vya sanaa pia. Masera alituletea ndege wa bibi yake, mwenye mkia mrefu wenye rangi saba, kitu cha kifalme. Mteja wa kwanza akamwinamia, akamtazama sana. "Huyu kuku alipatwa na nini?" Nsimire akasema tumtoe kuku, tutie bugenvilia, yale maua yaliyofunika ukuta wa watawa. Masera alinuna siku mbili. Siku ya tatu alikuja na karatasi ya miraba, bugenvilia imechorwa yote, na pembeni ameweka ndege mdogo ambaye tulikubaliana kutomwona.

Jozi nzuri kuliko zote za bugenvilia tulimshonea Sifa, binti wa mwalimu mmoja, aliyekuwa anangoja kuolewa. Miezi mitatu. Papa Déo alikuwa ameshatia soli, tunangoja gundi ikauke, vita ya kwanza ikaingia Bukavu.

Mabomu yalianza kusikika upande wa mto Ruzizi, na watu wakaanza kufunga magodoro. Masera akasema kila mtu aende kwao, yeye anabaki. Tulikuwa na jozi nne tayari, na sote tulijua wanaoingia madukani hawaachi kitu. Hapo Nsimire akapata lile wazo lake.

"Hakuna mwizi mwenye anabeba kiatu kimoja," akasema. "Goshi abebe za goshi, mimi nibebe za duruwati. Vita ikiisha tutakutana, viatu navyo vitakutana."

Papa Déo akasema hajawahi kusikia upumbavu wa namna hiyo, akaanza kutugawia. Tukagawana sindano na shanga pia, kila mmoja na kikopo chake cha zamani cha vaselini kilichojaa shanga. Nsimire alikuwa anakwenda kwa shangazi yake kisiwani Idjwi, kwa mtumbwi wa injini. Mimi kwa wajomba Mumosho, kwa miguu. Pale mlangoni hakunikumbatia, alinirekebisha kilemba.

"Usiitie maji, Goshi."

"Wewe njo unapita mu maji," nikamjibu, maana yeye ndiye aliyekuwa anavuka ziwa. Tukacheka. Ndiyo ilikuwa kwaheri yetu, kichekesho cha kijinga.

Njiani kuelekea Mumosho kulikuwa na kizuizi. Askari mmoja akamwaga mfuko wangu chini: kitenge, chumvi, kikopo cha shanga, viatu vinne. Akakichukua kimoja, akakijaribisha kwa mawazo kwenye mguu wa mke wake, nilimwona. Akatafuta mwenzake. Akashika cha pili, cha tatu, cha nne.

"Za kuume iko wapi?"

"Iko Idjwi, chef," nikasema, maana ndivyo askari wanavyotaka kuitwa wakubwa.

"Yo ozali liboma?" akauliza kwa Lingala, yaani je, wewe ni mwenda wazimu. Nikafikiri upesi kama kuna faida kukataa. Nikasema ndiyo, chef, tangu utoto. Akawaita wenzake waje kuona mwanamke anayekimbia vita na viatu vinne vya mguu mmoja. Walicheka mpaka mmoja akaegemea bunduki yake, akanirudishia hata chumvi. Nilitembea mpaka Mumosho nikiogopa na kucheka kwa pamoja, vitu ambavyo sikujua vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja.

Niliporudi Bukavu baada ya wiki kadhaa, atelye ilikuwa na kuta na Masera, basi. Vitanda vilikuwa vimekuwa kuni. Shanga zilikuwa zimemwagwa zote uani na kukanyagwa kwenye udongo. Masera alikuwa amechuchumaa na kichungi cha unga, anachunga udongo wa ua na kuchambua shanga kwa rangi. Akanyanyua kichwa akasema, "Umechelewa. Shika ya kijani." Nilimpenda mwanamke yule kwa moyo wote. Papa Déo akatutengenezea fremu mpya kwa mbao za kitanda chake cha kulalia, akalala chini, na kutukumbusha kila asubuhi jinsi mgongo unavyomuuma.

Lakini Nsimire hakurudi. Mwezi ukapita, na wa pili. Mitumbwi haikuwa inavuka, na wachache waliovuka kwa kujificha hawakuwa na habari zake. Halafu ikaja habari ya mtumbwi uliojaa kupita kiasi, uliozama siku zile za kukimbia, hakuna anayejua ulikuwa unakwenda wapi hasa. Hiyo habari sikuitaka. Kila mtu aliyeniletea nilimwambia nimeshaisikia, ili asimalize.

Sifa alikuwa mzima, mchumba wake alikuwa mzima, na siku ya harusi ikawekwa. Mama yake, Maman Régine, akaja atelye.

"Vumilia, kiatu ya mutoto yangu."

"Iko nusu, maman."

"Nusu gani?"

"Nusu ya kushoto. Ingine iko Idjwi na Nsimire."

"Basi shona ingine."

Nikasema hapana. Akaja tena wiki iliyofuata, nikasema hapana. Papa Déo alinisihi, akasema mikono ninayo, shanga tumechunga, karatasi ya miraba Masera alikuwa ameificha ndani ya kitabu cha sala, shida iko wapi? Shida ilikuwa hii, na nilimwambia wazi: nikishona mguu wa Duruwati, nimesema Duruwati hayuko. Mimi siwezi kuwa mtu wa kwanza kusema hivyo. Papa Déo akaenda kupigilia msumari mahali ambapo hapakuhitaji msumari.

Mwishowe Masera mwenyewe akakaa kwenye kigoda cha Nsimire. Hakunihubiria. Alisema tu, "Sifa naye amengoja vita nzima. Shona, Vumilia. Nitakusomea."

Nikashona. Masera anasoma, mimi ninaokota shanga, ninavuta, ninasukuma kwa ukucha, wiki tano, nikijiambia ni kitambaa tu. Tulipokifungua kutoka kwenye fremu, Papa Déo akakichukua, akakiweka juu ya kiatu kilichopo, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Maman," akasema kwa upole sana, "hii ni goshi."

Mkono wangu ulikuwa umeanza kila mstari kutoka kushoto, kama siku zote, na Masera alikuwa anasoma tu bila kuangalia. Wiki tano. Maua ya viatu vyote viwili yalikuwa yanatazama ukuta uleule. Masera akaanza kukohoa, nikajua anazuia kicheko. Kikamshinda, kikanishinda na mimi, na tulicheka pale chini tumeshikana mikono mpaka kicheko changu kikageuka kilio, na yeye hakuacha mkono.

Nikaanza upya. Safari hii nilifunga uzi mwekundu kwenye kidole cha mkono wa kuume, nikaanza kila mstari kutoka huko, nikijihisi kama ninavaa nguo ya mtu bila ruhusa. Kiliisha siku nne kabla ya harusi. Kanisani Sifa alipita anang'aa, na wanawake walikuwa wanasema, ona, hata huwezi kujua kipi ni kipya. Sijawahi kuchukia kusifiwa kama siku ile. Nilirudi nyumbani kabla ya bia kufika.

Mwezi mmoja baadaye mitumbwi ikaanza kuvuka. Ilikuwa asubuhi, mwanga mzuri, nimeinamia sahani ya shanga, nikasikia mtu mlangoni anasema, "Masera, viatu iko nanyonya bado?"

Sahani ilikwenda juu. Shanga tulizochunga miezi na miezi zilirudi chini zote, na hakuna aliyejali. Sikumbuki nilivukaje chumba. Nakumbuka nilikuwa nimeshika sikio lake, sijui kwa nini sikio, ninalivuta ili nijue kama limeshikamana na mtu. Papa Déo alikuwa anacheza bila muziki. Masera aliketi chini katikati ya shanga kanzu yote, akisema maneno ya kwao Malaka ambayo mpaka leo sijui yalikuwa sala au matusi.

Nsimire akaeleza. Mtumbwi wake ulifika vizuri. Shangazi alimkataza kuvuka ziwa, halafu mitumbwi ikasimama, halafu kulikuwa na mwalimu mmoja kule Idjwi, na kwa kifupi, ameolewa.

"Umeolewa," nikasema. Ile furaha ikapata kona kali. "Bila mimi. Na viatu gani?"

Akaangalia chini. "Na za duruwati."

"Na ingine?"

"Zote mbili za duruwati. Ya Sifa ilinibana, nikavaa zile kubwa mbili. Nilikuwa napinda upande moja, Goshi. Bwana alikuwa ananivuta mukono niikute altare. Padri alifikiri nimekunywa."

Tulicheka hadi Masera akaomba maji. Nilipopata pumzi nikamuuliza, "Lakini sindano ulikuwa nayo. Shanga ulikuwa nazo. Juu ya nini haukushona ya goshi?"

Akaniangalia kana kwamba nimeuliza jua hutokea wapi.

"Goshi iko wewe," akasema. "Ningeshona aje, na wewe uko muzima?"

Halafu akafungua mfuko wake, akatoa kiatu cha kuume cha Sifa, bugenvilia yote, safi, kimefungwa kwenye kitambaa cha kanga. "Hii tupelekee Sifa. Juu ya harusi yake."

Papa Déo akatoka nje. Ningeweza kumwachia Masera aseme, na alikuwa ameshafungua mdomo, lakini nikasema mwenyewe: Sifa ameshaolewa. Kiatu cha kuume nilikishona mimi. Habari ya mtumbwi uliozama ilikuja, nikakataa, nikakataa, halafu nikashona.

Nsimire akakifunga tena kiatu kwenye kanga. Akasema, "Twende nikione."

Tukapanda kwa Sifa. Sifa akatoa kiatu. Nsimire akakipeleka kwenye mwanga, akahesabu mistari kwa ukucha, wa kwanza, wa pili, polepole, kama alivyokuwa anakagua kila mara. Akafika mstari fulani katikati ya ua, ukucha ukasimama. Akaurudia. Akaugeuza uso wake kwangu, mashavu yote yameloa.

"Hapa ulikuwa nalia," akasema.

Ilikuwa kweli. Shanga saba pale zimekaa upande upande, na hakuna mwingine aliyeziona, si Masera, si wanawake wa kanisani. Nikamwambia nitafumua. Akanipiga kwenye mkono.

"Fumua uone."

Akampa Sifa kiatu alichokitunza Idjwi, ili jozi ya Sifa iwe ya Goshi na Duruwati kama ilivyoagizwa. Kile changu akakitia kwenye mfuko wake. Akasema sasa mimi nishone na mwenzake wa kushoto, yeye atasoma miraba, kwa sababu atawaleta wakwe Bukavu kula chakula kwa mama yake na hawezi kuwapokea akiwa anapinda.

Ndiyo jozi pekee iliyobaki ambayo nilishona miguu yote miwili katika maisha yangu ya kazi. Papa Déo alimpima mguu safari hii, kwa hiyo cha kushoto kilimwenea vizuri. Cha kuume kilikuwa cha kipimo cha Sifa, kilimbana vibaya mno. Siku ya wakwe alicheza nacho kuanzia saa sita mpaka jioni, anachechemea, na kila nilipomwambia akivue alikataa.